Leta (serikali) ikitoa pesa ya kushusha bei ya chakula, ianze na maharage na mboga, mfuko wa unga ungoje

KatubaYetu (Lubumbashi)

Jambo yenu bandugu. Nafungua huu uzi ju kila mwaka tunarudilia mambo ni yale yale: unga imepanda, watu wanalia, Leta inatuma kamiyo za unga ya bei ya chini, televizyo inakuja kupiga picha, kiisha siku chache mifuko inaisha na bei inarudi pale pale ilikuwa. Na kila mara hakuna mtu anauliza swali lingine, yaani hata ile siku unga inashuka kweli, mtoto atakula hiyo bukari (ugali) na nini?

Mimi nasema hivi na nasema na roho yote: kama Leta iko na pesa ya kusaidia watu kununua chakula, ile pesa iende kwanza kwa maharage, mboga, samaki, mayai, karanga. Unga baadaye. Sikatai unga, mimi mwenyewe siku sijakula bukari nasema sijakula. Lakini uchunguzi mkubwa wa afya wa 2013-2014 ulikuta watoto 43 kwa 100 wa chini ya miaka 5 katika inchi yetu Congo wamedumaa, urefu wao hauendani na umri wao. Mtoto anaweza kukula bukari kila siku tumbo inajaa na bado akadumaa, ju mahindi peke yake haina kile kinajenga misuli na damu na akili.

Nenda soko ya Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile inchi) jioni, simama karibu na ba mama wenye kupima unga, angalia tu. Mama anakuja na pesa ya siku, anapima nusu meka (kopo ya kupimia) ya unga, ile haikosi. Kiisha makala (makaa), ju bila makala hakuna kupika. Kiisha mafuta kidogo ya kufunga mu sashe. Pale anahesabu kile kinabaki mkononi, anatazama maharage, anauliza bei, anaachilia, anaenda kuchukua fungu moja ya lengalenga (mchicha) na kijiko cha ndakala (samaki wadogo wakavu) mu kasashe kadogo, ile ndakala watu saba wataigawana. Kila siku chakula chenye kujenga mwili njo kinakatwa wa kwanza pesa ikipungua. Sasa ukipunguza bei ya unga, labda atabakiwa na kitu cha maharage, labda ataongeza unga, ao ile kidogo itaenda kwa usafiri. Lakini ukipunguza bei ya maharage yenyewe, pale unamgusa kabisa kabisa mahali anakwama.

Na unga yetu yenyewe tunajua inatoka wapi. Zambia wakikohoa, Lubumbashi inalala na homa. Tarehe 29 Februari 2024 rais wao alitangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi ikaungua mashambani, wakafunga mlango, na huku Kasumbalesa mpakani bei ikaruka. Pesa ya Leta ya Congo ikiingia kwenye unga ya kuagiza, sehemu kubwa inavuka mpaka inaenda kulisha mlimaji wa upande ule. Mama wa Kashamata, kando ya mji wetu, mwenye kumwangilia mboga asubuhi na mangaribi haoni kitu.

Inchi zingine zimejaribu mambo mbalimbali. Afrika ya Kusini haikamati TVA (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye unga ya mahindi, maharage kavu, maziwa, mayai, mboga, matunda, hata samaki wa mikebe wa aina ya pilchards. Kwetu TVA ya 16% iko toka Januari 2012. Marekani, mu Hampden County kule Massachusetts, 2011 na 2012 walijaribu hivi: familia yenye kupata msaada wa chakula, kila dolare moja wanatumia kwa matunda na mboga wanarudishiwa senti 30, basi hao wakala matunda na mboga 26% zaidi kuliko wenzao. Na Brazil, hii njo ninapenda kuliko zote, sheria ya 2009 ilisema angalau 30% ya pesa ya taifa ya chakula cha shule lazima inunue kwa walimaji wadogo. Mtoto anakula, na mlimaji wa karibu anajua nani atamnunulia kabla hata hajapanda.

Kwa hiyo mawazo yangu: tuache kutupa pesa kwenye bei ya mfuko kule depo, tuweke sahani moja ya saa sita kwenye shule za msingi, maharage, mboga, samaki kidogo, vinunuliwe hapa hapa. Masomo ya msingi ni bure toka Septemba 2019, ni jambo kubwa, lakini mtoto anaingia bure na anakaa mu darasa na njaa. Mnaona je?

Mama_Njanja

Papa umesema vizuri lakini wewe unaangalia kutoka upande wa mwenye kununua, mimi nauzisha maharage na ndakala, ngoja nikuambie upande yetu. Maharage yangu ingine inatoka Zambia, ingine inashuka toka kule Moba na Kalemie, na ile ya kwetu wenyewe mara nyingi njo inafika bei kali kuliko ya bageni!! Unajua ju ya nini? Barabara. Mvua ikinyesha kamiyo inalala mu matope, maharage inaanza kuota ndani ya mfuko, na pale imefika mahali pakavu inakuta baryere (kizuizi cha kulipisha), na kila baryere iko na karatasi yake na mtu wake, ukilipa hii ya mbele anakuambia ile ulilipa nyuma haimuhusu. Ukifika mu mji, takse ya soko kila siku, usafi, na wengine wanapita bila hata karatasi. Ile yote mimi naiweka wapi? Naiweka mu meka. Mukitaka maharage ishuke musinipe hata franga moja ya Leta, mutoe hizo baryere, utaona bei kwa macho yako.

KatubaYetu

Mama ni kweli kabisa, na mimi nahesabu ile kama ruzuku pia. Leta kuachilia kodi ya chakula ni sawa na Leta kutoa pesa. Mwaka 2024 serikali ilishusha kodi kwenye chakula cha kuagiza, samaki, kuku, mchele, maziwa ya unga, ile yote ya kupita mpakani. Lakini anayetoa maharage Moba hakupita mpakani, alipita mu matope. Tunafanyia mageni wepesi na mtoto wa nyumba tunamkamata shati.

Pesa_iko_wapi

Nasoma na kichwa kinaniuma. Bandugu mnasahau haraka sana. Bukanga Lonzo, ile shamba kubwa ya Leta, mnaikumbuka? 2014, mashini mpya, hekta kwa maelfu, walituambia Kinshasa itakula bei ya chini. Inspection des finances (wakaguzi wa pesa ya Leta) ikafuata ile pesa 2020, na Mei 2025 Mahakama ya Katiba ikamuhukumu waziri mkuu wa zamani Matata Ponyo miaka 10 ya kazi ya nguvu, yeye anakana mpaka leo. Sasa mnataka kuwapa mfuko mwingine? Ukisema ruzuku ya maharage, kesho utaona maharage ya Leta inauzishwa mu depo ya bibi ya mukubwa. Miye nasema Leta ibaki mbali na sahani yangu.

Mkongo_wa_Nairobi

Niunge mkono kidogo hapo, mimi nimekaa Kenya muda mrefu. 2017 kabla ya uchaguzi serikali ilitoa unga ya ruzuku, pakiti ya kilo 2 kwa shilingi 90. Asubuhi unaenda supamaketi watu wamejipanga, kila mtu pakiti mbili tu, ukichelewa rafu tupu kabisa, halafu mtaani unaambiwa kuna mtu anazo kwa bei yake. Tajiri mwenye gari alinunua kwa 90 sawa na maskini. 2022 wakarudia tena kwa shilingi 100, tena kabla ya uchaguzi. Rais mpya alipoingia Septemba akaikata, akasema bora kusaidia mkulima, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ukashushwa mpaka shilingi 3,500. Watu bado wanabishana kama mbolea ilifika kwa mkulima halisi, lakini ile ya unga kila mtu aliona ilipotea njiani.

KatubaYetu

@Pesa_iko_wapi mimi sikuombi uamini mtu yeyote. Njo maana nasema sahani ya shule. Mfuko wa unga unaweza kuuzwa mara tatu njiani na hakuna atajua, ju mfuko hauna mwenyewe. Maharage imepikwa saa tano mu shule ya kartye (mtaa), watoto mia wanarudi nyumbani na mama anauliza leo mumekula nini, siku ile hawakukula kartye nzima inajua kabla ya mangaribi. Mwenye kuiba atapatikana na wazazi, hatangoja Mahakama ya Katiba miaka kumi.

Na ile ya Kenya inanipa nguvu zaidi. Bei ikishuka kwa kila mtu, mwenye pesa ya kununua mifuko makumi njo anakula ruzuku. Misri walibakiza mkate mmoja kwa piastre 5 zaidi ya miaka 30, mpaka Juni 2024 wakapandisha mpaka 20. Ule mkate umezuia njaa, siwezi kuudharau, 1977 walijaribu kupandisha bei ya chakula watu wakajaa barabarani na serikali ikarudi nyuma. Lakini Misri leo ni kati ya inchi za Afrika zenye watu wengi wanene sana, na upungufu wa damu kwa watoto bado uko. Ukifanya kile cha kushibisha tu kuwa rahisi, watu watashiba.

Mzee_wa_Kamalondo

Batoto yangu, mnaongea kama jambo hili ni jipya. Sisi tumekomaa na poso (chakula cha kugawiwa na kompani). Baba yangu alikuwa mtumishi wa Union Minière, kompani ya shaba, kiisha ikawa Gécamines, na poso ilikuwa unga, ndiyo, lakini unga haikuja peke yake, kulikuwa na maharage, samaki, mafuta ya ngazi (mawese), karanga, chumvi. Wazungu hawakutupenda, walitaka mtu mwenye nguvu ya kushuka mu shimo na mtoto mwenye kukomaa afanye kazi kesho, lakini walielewa kwamba mtu wa unga peke yake hafanyi kazi. Kiisha tulipopata wetu wenyewe, kidogo kidogo vile vingine vikakatwa, mwisho ikabaki mfuko wa unga, mwisho hata mfuko ukakosekana. Sasa nyinyi munafikiri chakula cha Leta ni unga ju njo ile ya mwisho mliiona.

Tena wakati wa gavana Moïse Katumbi kompani za madini ziliambiwa kila moja ilime hekta 500. Zingine zililima, zingine zilifanya kwa macho ya watu. Lakini walilima mahindi! Hakuna aliyeambiwa lima maharage, chimba mashimo ya samaki, fuga kuku wa mayai. Ile ndiyo kosa.

Goma_Birere

Bandugu wa Lubumbashi muko na bahati ya kusema Leta. Sie huku toka mwisho wa Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa M23, mabanki yalifunga, uwanja wa ndege ulifunga, mutu anauliza ruzuku aombe nani? Na hapa kwetu chakula bora kiko mbele ya macho. Masisi iko na maziwa na fromage (jibini), Rutshuru maharage, ziwa iko na sambaza, wale samaki wadogo walitolewa Tanganyika wakawekwa Kivu miaka ya 1950, leo njo nyama ya maskini. Ila mulimaji amekimbia shamba, ng'ombe zimeibiwa, na kila barabara iko na mwenye kulipisha. Mama Njanja amesema baryere, huku baryere njo serikali. Naona kabla ya kusema bei, mutu arudi kwanza mu shamba yake alale usingizi. Chakula ingine itafuata yenyewe.

KatubaYetu

Ndugu wa Birere pole sana, ni kweli, na sitakujibu kwa maneno mepesi. Mwanzo wa 2025 walihesabu watu karibu milioni 28 nchini wenye kukosa chakula kwa kiasi kibaya, na wa kwenu wako katikati ya hesabu hiyo. Ruzuku haifanyi kazi mahali mlimaji hayupo. Kwenu namba moja ni amani, kwisha. Ninachosema kinahusu mahali ambapo mlimaji yupo, mnunuzi yupo, na katikati yao kuna ukuta.

Bukavu_Muhumba

Nami niongeze ya huku. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kule Mulungu kimesambaza aina za maharage zenye chuma nyingi, na masoso, ile unga ya uji ya mahindi, soya na mtama, kila mama wa Bukavu anaijua ju njo wanakuambia hospitali mtoto akikonda. Lakini angalia bei: masoso inashinda unga ya kawaida, kwa hiyo mama anainunua mtoto akishagonjwa, akipona anarudi kwa ile ya bei ya chini. Kama kuna kitu kimoja cha kutiliwa pesa ya Leta mimi naweka hapo, uji wa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 2. Papa wa Katuba wewe unaongea shule, mtoto akifika shule na miaka 6 kudumaa kwake kumekwisha kufanyika. Sahani ya saa sita itamsaidia kusoma, urefu hairudishi.

KatubaYetu

@Bukavu_Muhumba hapo umeongeza kitu kikubwa na nakikubali chote. Siku elfu za kwanza, toka mimba mpaka miaka 2, njo pale mwili unajengwa. Basi milango miwili: uji wa soya kwenye kituo cha afya siku ya kupima mtoto, na sahani ya shule kwa wakubwa. Yote mbili mtu anakula pale pale ao anapewa mkononi na jina lake kwenye kitabu. Unaona haturudi kwenye mfuko.

Agro_Unilu

Samahani nachelewa kuingia, ila kuna neno lazima lisemwe kwa Lubumbashi. Mnasema tununue mboga za hapa. Mboga gani, za udongo gani? Mji huu umefyatua moshi wa shaba karibu miaka mia, na upepo umepeleka ule moshi upande mmoja, udongo wa Penga Penga na kartye za kando una shaba, risasi (ile madini ya plomb), kadmiamu, arseniki kwa wingi, hii imepimwa na kuandikwa na watafiti wa chuo chetu cha Lubumbashi na wenzao. Bustani zingine zinamwangiliwa na maji ya mito yenye uchafu wa viwanda. Mboga za majani ndizo zinavuta zaidi. Kwa hiyo pesa ya Leta ikinunua mboga bila kupima udongo, tutalisha watoto lengalenga nzuri kwa macho yenye risasi ndani. Ruzuku ya kwanza kwa mboga za Lubumbashi iwe kupima udongo na maji bure kwa mama wa bustani, na mwenye udongo mbaya asaidiwe kupata kiwanja kingine. Asifukuzwe.

Mama_Njanja

Eh! Sasa tukiosha sana na maji ya chumvi?

Agro_Unilu

Kuosha kunatoa vumbi, mama, na vumbi ni sehemu kubwa hapa kwetu, kwa hiyo osheni, osheni sana. Lakini kile mzizi umevuta kiko ndani ya jani, hakitoki. Mahali panapotiliwa shaka afadhali tomati, bilinganya, maharage, kuliko majani, ju tunda na punje kwa kawaida zinabeba kidogo kuliko jani. Na sitaki mtu aache kula mboga ju ya huu uzi, mtoto bila mboga anaumia pia. Nataka zitoke mahali pazuri.

Pesa_iko_wapi

Sawa, tuseme mumenisogeza kidogo. Pesa yenyewe itatoka wapi? Maputo 2003 marais wa Afrika waliahidi 10% ya bajeti kwa kilimo, tuko mbali.

KatubaYetu

Kanuni ya madini ya 2018. Redevance ya migodi (malipo ya kompani kwa madini inayotoa) inagawanywa: 50% serikali kuu, 25% provinsi, 15% mji ao sektere mahali mgodi uko, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Na juu yake kompani inatoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Hapa Haut-Katanga na Lualaba ile si pesa ya kuomba Kinshasa, inaingia huku huku. Kule kwenye komite ya ile 0.3% wananchi wanakaa kuandika kazi za kufanya, kila mara wanaandika jengo, jengo, jengo lingine. Waandike jiko. Na kama haitoshi, vinywaji vya sukari vilipe, Mexico walianza 2014 peso moja kwa lita, Afrika ya Kusini 2018.

Mimi na wazazi wengine wa shule moja huku kwetu tunaandika barua kwa komite yenye kusimamia ile 0.3%. Mama Njanja nakuuliza wewe kama mfanyabiashara: shule ikichukua maharage mifuko mizima kila wiki, bei unaweza kushusha?

Mama_Njanja

Naweza, tena sana. Ile ya meka napotezaka punje na wakati, mfuko mzima nakupa chini ju natoka soko mapema. Lakini sikia vizuri: mulipe cash siku ile ile maharage inashuka ku kamiyo. Ba mama wengi hapa waliisha uzishia Leta kwa deni, mutaji ikafia pale. Mukiniambia mwisho wa mwezi, mimi simo.

KatubaYetu

Sawa mama. Kulipa siku ile ile, hiyo naiweka ya kwanza mu barua, kabla hata ya kusema maharage. Na @Agro_Unilu nikutumie ujumbe pembeni ju ya kupima udongo wa bustani mbili za karibu na shule.

Agro_Unilu

Tuma. Usichukue udongo wa juu peke yake, chimba mpaka kiganja kizima kinaingia, sehemu mbalimbali za bustani, changanya mu sashe safi. Na chupa moja ya maji wanayomwangilia.